Ubao wa Maji Madogo

Binti yangu alikuwa na mbao mbili za kuteleza juu ya mawimbi, zote nimemtengenezea mimi, na gari la kambi ya michezo ya mtoni lilikubali kubeba ubao mmoja kwa kila mtu. Ilikuwa Alhamisi mchana, kwetu Bukoto, Kampala. Kesho yake saa kumi alasiri angejaribiwa mtoni, karibu na Jinja, pamoja na vijana wengine sita, na wawili kati yao wangepewa kazi ya kufundisha wageni. Kila mmoja angepata nafasi tatu. Kufaulu kulikuwa kukaa juu ya wimbi dakika nzima, na ndani ya dakika hiyo kugeuka mara moja kulia na mara moja kushoto. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alikuwa ametafuta kazi Kampala zaidi ya mwaka, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyonieleza kwa sauti ya mtu anayeitaka.

Aliniuliza achukue upi.

Sina budi kueleza kwanza mbao zenyewe, maana bila hivyo kosa langu halitaeleweka.

Mimi ni fundi wa faiba. Nilivuka mpaka kutoka Kenya miaka michache baada ya vita, wakati Kampala ilikuwa inahitaji kila kitu, nikajifunza kazi kwa kutazama na kwa kusoma vijitabu vilivyofungwa ndani ya maboksi ya dawa za kazi hiyo. Faiba ni kitambaa cha nyuzi za kioo. Unakilowesha kwa gundi ya majimaji, kikikauka kinakuwa kigumu kama gamba. Karakana yangu iko kando ya barabara ya Port Bell, bandari yetu ya ziwani. Naziba boti, matangi ya maji, na bampa za magari. Siku moja Mzungu mmoja aliniletea ubao wa mawimbi uliovunjika katikati. Niliuziba, lakini kabla ya kumrudishia niliupima kila baada ya inchi mbili, upana na unene, kutoka puani hadi mkiani, nikaandika yote. Baadaye nikapata kijitabu kilichoeleza namna ya kuunda mbao hizo, nikaunda wa kwanza wangu.

Kwa moyo wa ubao nilitumia vipande vya povu jeupe vinavyotolewa kwenye kuta za vyumba vya barafu vya viwanda vya samaki, vyumba hivyo vikibomolewa. Ukivikata kwa msumeno vinanuka sangara. Harufu haiishi hata ukishavifunika faiba. Inabaki ndani, na ubao ukipasuka miaka mitatu baadaye inatoka tena.

Aliyeujaribu ubao ule alikuwa mke wangu. Alikuwa polisi wa majini, mtu wa kaskazini, Mwislamu, binti wa askari na mjukuu wa askari, na alikuwa anaogelea kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Mimi siogelei. Alilala kifudifudi juu ya ubao pale Port Bell, ukashuka chini yake mpaka maji yakamfika masikioni.

"Asante," aliniambia aliporudi nchi kavu. "Umenitengenezea nyambizi."

Nilikaa na kijitabu wiki nzima kabla ya kuona sababu. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wa bahari. Maji ya chumvi ni mazito, yanabeba; maji ya ziwa hayabebi kiasi hicho. Nikaongeza unene, na tangu hapo sikuamini tena kipimo chochote nisichokipima mwenyewe katika maji yetu.

Maji yetu ni ya namna tatu. La kwanza ni wimbi la upepo, lile la alasiri pale Port Bell, fupi, la haraka, linalofuatwa na jingine kabla hujajipanga. La pili ni wimbi la meli inayobeba mabehewa ya treni. Hilo ni refu zaidi, na linafika ukingoni wakati meli yenyewe imeshapita na umeshaisahau. Yote mawili yanataka ubao mrefu, mnene, ulionyooka karibu kama meza. Binti yangu alijifunzia hapo akiwa na miaka kumi na miwili, mama yake akiwa majini hadi kifuani na kofia ya polisi kichwani, akimsukuma.

La tatu ni wimbi la mto, na hilo ni jambo jingine kabisa. Ziwani wimbi linasafiri na wewe unasafiri nalo. Mtoni wimbi limesimama mahali pamoja, juu ya mwamba, na maji ndiyo yanayopita chini yako. Unateleza bila kwenda popote. Maji yakiwa makubwa, wimbi linasimama wima na kasi yake ni kali. Hapo unahitaji ubao mfupi, uliobinuka pua ili isichome maji, na mkia mwembamba, wenye mapezi chini yake, unaoshika maji. Maji yakiwa madogo, wimbi linalala. Ubao mfupi unakosa nguvu ya kukaa juu yake, unazama taratibu na kurudi nyuma. Hapo unahitaji ule mrefu, mpana, usiobinuka. Hakuna ubao wa katikati unaofaa pande zote mbili. Nilijaribu kuunda mmoja. Ulikuwa mbaya pande zote mbili.

Kwa hiyo swali la ubao ni swali la maji, na maji ya mto ule hayategemei mvua. Yanategemea bwawa la umeme. Kampala ikitumia umeme mwingi, maji mengi yanapitishwa kwenye mitambo, na wimbi lililo chini ya bwawa linakua. Viwanda vikifunga, linalala. Niliposikia hivyo nilianza kuandika. Binti yangu alikuwa akienda mtoni mwisho wa wiki na siku nyingine alizokuwa huru. Kuna mwamba pale wenye ngazi saba. Aliniletea idadi ya ngazi alizoziona nje ya maji, na saa. Mimi niliongeza siku ya wiki na kama viwanda vilikuwa vinafanya kazi. Ngazi mbili nje ni maji makubwa. Ngazi tano ni madogo. Baada ya miaka miwili niliweza kukaa Bukoto, nikatazama kalenda, nikamwambia achukue ubao upi, na mara nyingi nilikuwa sahihi. Jumapili ngazi tano. Krismasi sita. Pasaka tano na nusu.

Katikati ya miaka hiyo miwili mke wangu alifariki. Zilikuwa figo. Alizikwa siku ileile, kama ilivyo desturi yao, na mimi nilirudi kazini siku ya nne. Watu waliniuliza kama ninalala. Nilikuwa ninalala vizuri. Waliniuliza kama ninakula, na nilikuwa ninakula. Sikuacha kuandika hata juma moja. Binti yangu alipika, mimi nilifika nyumbani saa moja na nusu, tukala, nikamuuliza ngazi ngapi, akaniambia. Miezi kumi na minne ilipita hivyo, na mtu akiniuliza leo ni nini kilichotokea ndani yake, lazima nifungue daftari.

Sasa narudi kwenye ile Alhamisi.

"Upi, Baba?"

"Kesho ni Ijumaa," nilisema. "Saa kumi alasiri, viwanda vinafanya kazi. Ngazi mbili. Labda mbili na nusu."

"Una hakika?"

Nilimwonyesha kurasa. Sikuwa na Ijumaa ya kazi hata moja iliyozidi ngazi tatu.

"Lakini kesho inaweza kuwa…"

"Ijumaa ni Ijumaa," nilimwambia. "Chukua mfupi."

Nilimwekea chai na chapati mezani kabla gari halijaja. Alisema atakula njiani, nikadhani ni wasiwasi wa mtihani. Alibeba ubao mfupi kwapani, akashuka ngazi za jengo, na nikasikia pua ya ubao ikigonga ukuta kwenye kila kona, kwa sababu huwa hakumbuki kuishusha.

Ijumaa asubuhi nilikwenda karakana. Barabara ilikuwa nyeupe, bila magari, na kiwanda cha samaki kilicho jirani yangu kilikuwa kimya. Niliona. Nikafikiri wamekosa samaki. Nilisugua boti moja hadi saa sita, nikarudi nyumbani kula, nikaiweka simu kwenye chaji chumbani na kufunga mlango.

Saa saba kasoro dakika chache mtu alipiga teke mlango wa nje.

"Idd Mubarak, shemeji! Fungua haraka, hii sufuria inaniunguza!"

Alikuwa dada mkubwa wa mke wangu, anayekaa Nateete, mjane wa askari. Ni mwanamke mpana mwenye sauti ya paredi. Alikuwa amevaa nguo mpya ya kijani na ameshika sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Nilimpisha. Aliiweka mezani, akapuliza vidole.

"Simu yako iko wapi? Mimi nimepiga mpaka kidole imechoka."

"Iko kwenye chaji. Leo ni Idd?"

"Leo, ndiyo! Mwezi imeonekana jana. Redio imesema, msikiti imesema, watoto barabarani wamesema. Wewe uko Uganda ama uko wapi?" Alitazama huku na huku. "Mtoto iko wapi? Nimemletea maini yake."

"Yuko mtoni. Ana mtihani wa kazi."

"Leo? Amefunga mwezi mzima, halafu Idd anakula na samaki?"

"Amefunga?"

Alivuta kiti akaketi, akanitazama kama mtu anayetafuta mahali nilipovunjika.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe unaishi na huyu mtoto nyumba moja?"

Nilisimama nikiwa nimeegemea friji. Nilikuwa na dalili zote, zote nimeziona, hakuna iliyofichwa. Sauti ya sufuria jikoni kabla ya alfajiri. Nilidhani amekosa usingizi. Jumamosi tatu nilizokula chakula cha mchana peke yangu, yeye akiwa kiti cha pili, akisema ameshiba. Tende kwenye kabati. Mwezi mzima alikuwa ameniletea vipimo viwili tu vya mto, na nilikuwa nimeandika pembeni kwamba pengine ameanza kuogopa maji. Karibu kila jioni aliponipakulia saa moja na nusu, sahani yake ilikuwa imeshatumika. Nilikuwa nimeiona sahani hiyo zaidi ya siku ishirini.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akiuweka mwezi katika nyumba ile. Aliuandika ukutani, alifungua redio, aliniambia kesho tunaanza, keshokutwa ni sikukuu, usipange kazi. Mimi ni Mkristo. Sikufunga, lakini nilijua. Ninaposema nilijua, nilikuwa najua kupitia kwake.

Sikulia. Nasema hivyo kwa sababu shemeji yangu alikuwa anangoja nilie, na mimi pia, nadhani, nilingoja kidogo. Kilichonijia kilikuwa daftari. Nililifungua nikarudi nyuma miaka miwili, nikakuta mstari mmoja kwa mwandiko wangu: Idd, saa tisa alasiri, ngazi tano.

"Maji ni madogo leo," nilisema.

"Nini?"

"Viwanda vimefunga. Maji ni madogo, na mimi nimempa ubao wa maji makubwa. Atazama mara tatu na kazi itapotea."

Nilikwenda kuchukua simu, nikampigia. Simu yake ilikuwa imezimwa. Huwa anaiacha ndani ya begi anapoingia mtoni. Ubao mrefu ulikuwa umesimama kwenye varanda, umefunikwa shuka kuukuu. Nilipotoka nao, shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni, sufuria mikononi tena.

"Gari iko hapo chini," alisema. "Nimekodi special ya siku nzima, ya kupeleka chakula. Twende."

"Na chakula cha wengine?"

"Watu wa Mukono watakula kesho. Hawajawahi kunipikia hata chai."

Dereva wa special, kijana wa Kiganda aliyekuwa akitafuna sambusa, alitazama ubao, akatazama paa la gari lake dogo.

"Mama, hii haikuwa kwa maerewano. Tukifika mbio themanini tutapaa."

"Kwani wewe unaogopa kupaa? Leo sikukuu. Leta kamba."

Tuliufunga kifudifudi, pua mbele, kwa kamba mbili na ile shuka. Nilikagua mafundo mimi mwenyewe. Saa saba na dakika ishirini na tano tuliondoka. Sikumbuki mengi ya njiani isipokuwa kwamba sufuria nne zilikuwa kwenye viti na mimi nilishika moja magotini, na kwamba shemeji yangu aliongea hadi msitu wa Mabira ulipoanza. Kisha akauliza jambo moja ambalo alikuwa amelishika muda wote huo.

"Akipata hii kazi, atakaa hukohuko?"

"Kambini, ndiyo. Wanapewa vyumba."

"Na wewe?"

"Mimi nina karakana."

"Sikukuuliza una nini."

Nilisema sijui. Hilo lilikuwa jibu sahihi. Kama kulikuwa na mtu wa kufaidika na ubao mfupi siku ile, ni mimi, na nimejiuliza mara nyingi tangu hapo kama nilimkatiza maneno yake Alhamisi kwa sababu hiyo. Nimelichunguza jambo hilo kadiri ninavyoweza. Naamini sikufanya makusudi. Naamini nilikuwa tu sisikii, na sina hakika lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi.

Tulifika saa kumi na dakika ishirini. Toka mahali gari linaposimama hadi mtoni ni mteremko wa udongo mwekundu, na niliushuka na ubao kichwani, shemeji yangu nyuma yangu na sufuria, akilalamikia viatu vyake vipya. Nilitazama mwamba kabla ya kutazama watu. Ngazi tano na nusu. Wimbi lilikuwa limelala, la kijani, limelainika kama mgongo wa kitanda kilichobonyea.

Watu waliketi kwenye mawe. Msimamizi wa majaribio alikuwa mwanamke Mkenya aliyechomwa na jua, saa ya kupimia mbio ikining'inia shingoni. Binti yangu alikuwa ukingoni, amelowa, ubao mfupi miguuni pake.

"Ameshakwenda mara mbili," kijana mmoja aliniambia bila kuulizwa. "Ya kwanza sekunde kumi na moja. Ya pili tisa. Ubao wake unakunywa maji."

"Haunywi maji," nilisema. "Ni wa maji mengine."

Aligeuka aliposikia sauti yangu. Alimwona shemeji yangu, akaona nguo ya kijani na sufuria, kisha akauona ubao mrefu. Nilimfikia. Sikuwa nimepanga la kusema.

"Idd Mubarak," nilisema.

Alinitazama. Midomo yake ilikuwa imepauka kwa baridi.

"Umejuaje?"

"Mama yako mkubwa amekuja."

"Nilitaka kukwambia jana."

"Najua. Nilikukatiza."

Msimamizi alikaribia. "Mzee, hii ni yake?"

"Ni yake. Zote mbili nimemtengenezea mimi. Anaruhusiwa kubadilisha?"

"Alete hata kumi. Mimi naangalia saa tu. Lakini amebakiwa na moja, na ajue bado nataka kona zote mbili."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida, na binti yangu aliijua kama nilivyoijua. Ubao mrefu ungemweka juu ya wimbi lile bila taabu, lakini haupendi kugeuka. Niliinama nikausugua ubao nta, ili miguu isiteleze, kwa kipande nilichokuwa nacho mfukoni.

"Ukitaka kugeuka, rudi nyuma," nilimwambia. "Mguu wa nyuma uwe juu ya mapezi kabisa. Pua itainuka. Utafikiri unaanguka. Hutaanguka, nimeacha inchi mbili na nusu za unene pale mkiani."

"Mbili na nusu?"

"Na robo juu yake."

Alicheka kidogo, akaingia majini.

Alipiga makasia kwa mikono kutoka upande wa maji yaliyotulia, mkondo ukamchukua kinyumenyume hadi kwenye wimbi, na ubao ukakaa. Nilikuwa nimeona hilo kichwani mara nyingi, lakini kwa macho nilikuwa nimekuja mtoni mara mbili tu kabla ya siku ile. Alisimama. Maji yalipita chini yake kwa kasi, na yeye alikuwa pale pale, kama mtu aliyesimama kwenye mlango wa nyumba yake. Msimamizi alihesabu kwa sauti kila baada ya sekunde kumi. Kwenye ishirini alirudi nyuma kwa hatua mbili fupi. Pua iliinuka. Shemeji yangu alinishika mkono, akaubana kwenye mfupa. Ubao uligeuka kulia polepole sana, kama gari refu linaloingia uani, ukarudi. Kwenye arobaini alirudi nyuma tena. Kushoto ndiko upande wake mbaya. Mkia ulizama kuliko nilivyotarajia. Maji yakamfika vifundoni, yakapanda juu ya kingo, na nilijua kwamba robo ile niliyojivunia ilipaswa kuwa nusu. Alipiga goti. Aliinama mbele kwa kiuno bila kusogeza miguu, kama mama yake alivyokuwa akiinama kwenye boti ya polisi ili kukwepa tawi, na ubao ukaja kushoto.

"Sitini," msimamizi alisema. Kisha, kwa kuwa binti yangu hakumsikia, akapiga filimbi.

Alikaa hadi sekunde ya themanini, ndipo akaanguka, kwa furaha nadhani.

Majina mawili yalisomwa baada ya nusu saa. Lake lilikuwa la pili. Aanze Jumatatu, alale kambini tangu usiku ule ili aonyeshwe vifaa. Nilimpa mkono. Alinikumbatia akiwa amelowa na shati langu likalowa, na nilibaki nimesimama namna hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikijaribu kupima ninachohisi. Kilikuwa kidogo. Lakini kilikuwepo.

Shemeji yangu alifungua sufuria zote nne juu ya mwamba, za Mukono zikiwemo, akamwita kila mtu, pamoja na wale watano waliokosa.

"Njoo nyie! Aliyeanguka ndiye mwenye njaa!" Alimgeukia dereva, ambaye alikuwa ameshajikatia mfupa. "Wewe hujaanguka, ngoja."

Binti yangu alikula maini kwa vidole. Nilikaa karibu naye.

"Siku zote ishirini na tisa?" nilimuuliza.

"Nilikosa saba. Siku zangu za kawaida." Alifuta mkono kwenye jiwe. "Nitazilipa. Halafu nataka kufunga zile sita za sunna za mwezi huu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alifikiri. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Siku ya kwanza nilingoja uulize. Uliniuliza ngazi ngapi. Siku ya pili vilevile. Baada ya hapo nikaona, basi, acha. Mama alikuwa anafunga hata akiwa zamu, bila mtu kujua."

"Mimi nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua," alikubali.

Nilimuuliza ataanza lini kuzilipa.

"Unataka kujua ya nini?"

"Nijue tu."

Alinitazama, kisha akatazama maji. "Jumanne, basi. Jumatatu ni siku ya kwanza ya kazi, sitaki kuzimia mbele ya wageni."

Tulimwachia mbao zote mbili. Njiani shemeji yangu alinieleza kwa kirefu jinsi nitakavyokufa njaa nikijipikia, nikipima chumvi kwa rula, na kabla ya Mukono akalala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi.

Jumanne nilikuwa karakana, nikisugua boti ileile. Nilikuwa nimemuuliza jirani yangu wa gereji, anayeswali, jua linazama saa ngapi siku hiyo, akaniambia. Dakika tano kabla niliweka msasa chini, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa kisha kwa sabuni, nikampigia.

Alipokea. Nyuma yake kulikuwa na watu na sauti ya mto.

"Umeshafungua?" nilimuuliza.

"Bado, Baba. Dakika tatu."

"Una nini hapo?"

"Tende. Na chai, lakini ni ya moto bado."

"Unataka nikate simu?"

"Hapana," alisema. "Ngoja."

Nikaketi kwenye ukingo wa boti. Tukangoja.